Harage Jeupe la Ubalozi

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Mugeta.
Jirani yangu Wanzagi anagombea ubalozi wa nyumba kumi. Ubalozi wangu! Mimi nautaka tangu tuhamie kijiji cha ujamaa; yeye kaanza kuutaka juzi. Watu wanampenda bure, eti kwa sababu anasalimia. Hata mke wangu Robi kasema Wanzagi ana sauti nzuri. Nikasusa ugali. Niliula baadaye, umepoa.

Jumatano, 7 Agosti.
Darasa la watu wazima. Mwalimu Euphrasia katueleza neno kura. Limetoka kwa Waarabu. Asili yake si karatasi wala sanduku. Watu walichukua kitu bila kukiona, na aliyekipata wakakubali kwamba Mungu kamchagua. Karatasi zimekuja baadaye, neno likabaki. Wanzagi alisinzia. Mimi nusura niruke! Watu wakihesabiwa, nimekwisha. Lakini Mungu akichagua, naweza kumsaidia.

Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kwangu. Nikamshauri turudie kura ya asili: kibuyu cha maharage mekundu, jeupe moja tu, atakayelitoa ndiye. Akasema ni wazo zuri, na kwamba hakujua nina akili.

Ijumaa, 9 Agosti.
Mazoezi. Harage jeupe ndani ya mkono wa shati, kisha kiganjani. Kuku kameza moja. Robi kauliza kwa nini natingisha mkono peke yangu. Nikamjibu ni siasa.

Jumapili, 11 Agosti.
Aibu! Mkutano baada ya misa. Mzee Kwangu alihutubia sana. Sikusikia neno, harage lilikuwa limeteleza hadi kwapani. Nikalipata alipoinua kibuyu. Nikawahi mbele ya wote, nikatumbukiza mkono, nikatoa jeupe. Makofi! Nikainama kwa unyenyekevu.

Kumbe kibuyu kilikuwa cha kumpata mchimba choo cha shule. Nikapinga. Mzee Kwangu akanishika bega: "Magesa, sisi hatukukuchagua. Kwenye kura Mungu ndiye anachaguaga."

Ubalozi waliuamua kwa kusimama nyuma ya mtu wanayemtaka. Mstari wa Wanzagi ulifika zizini. Nyuma yangu alisimama shemeji Thadeo peke yake, naye alifuata kivuli. Robi alikuwa kwa Wanzagi, karibu kabisa na mbele.

Alhamisi, 15 Agosti.
Niko shimoni. Balozi Wanzagi kaja kukagua. Kasimama juu, kanisifu kwa sauti ileile! Robi kaleta maji, kampa yeye kwanza. Roho inaniuma mpaka jembe halishikiki.

Akiondoka kasema kesho kuna kura nyingine ya kibuyu, maana ya kwanza iliwapendeza watu. Hakusema ni ya nini. Sikuuliza, asije akajua nina hamu. Harage nimeshalichagua, dogo kidogo, lisiteleze.