Gari la Gauthier na Ufunguo wa Mama Kavuo

Watu wanaotoka Kampene wanasema kuna mtu huko anajenga helikopta ndani ya parseli, uani kwake, na kila atakayemletea kipande cha chuma atakuwa mwenye helikopta pamoja naye. Neno hilo nililikataa sokoni, nikalikataa kanisani, nikalikuta limenisubiri nyumbani kando ya chungu cha mboga ya sombe. Ulrich mwanangu anachimba madini huko Kampene, na ndani ya nyumba yake kuna pampu ya maji aliyowekeshwa na mjomba wake Mwamba. Basi nimechukua kalamu ya bic. Ulrich, na ninyi watoto wa wenzangu, sikilizeni mambo ya Gauthier.

Gauthier alishuka kwenye treni hapa Kindu amevaa viatu vyeupe. Mtu anayevaa viatu vyeupe Kindu wakati wa mvua ama ni mgeni, ama ana mpango. Gauthier alikuwa yote mawili. Alileta ganda la gari la mbio: plastiki tupu, jekundu, pua imechongoka kama ya ndege, bila moteri, bila magurudumu, bila aibu.

Siku za kwanza alikuwa anakunywa tu chai kwa watu. Hapo ndipo alipoona kitu ambacho sisi tulikuwa tumekizoea: banda la kuku la Béatrice lilikuwa limesimama juu ya shasi ya gari.

Lazima mjue shasi ile ilitoka wapi. Wakati wa vita, kila gari iliyoonekana ilichukuliwa na wenye bunduki. Mama Kavuo, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, alikuwa na Toyota ya kubebea mchele wa Kibombo. Akaifungua nati kwa nati, akawapa majirani wafiche: shasi kwa Béatrice, moteri kwa papa Léon, volan, yaani usukani, kwa katekista Edouard, na vingine kwa wengine. Ufunguo akabaki nao mwenyewe, shingoni, chini ya blauzi. Vita ikaisha, akapita nyumba kwa nyumba akiomba vipande vyake. Jibu lilikuwa lile lile kila mlango: "Askari walichukua." Walilisema kwa huzuni kubwa, na wengine walimwongezea chai. Ile shasi, Béatrice aliapa ni ya gari nyingine, vyuma hufanana. Tangu hapo Mama Kavuo anauza maharagi mbele ya parseli ya Béatrice, na gunia analisukuma kwa baiskeli, akiwa na magoti yanayolia kuliko cheni.

"Mama Béatrice," Gauthier akaanza, "kwa Wazungu gari ya mbio haiuzwake nzima. Inakuya mu vipande, muntu anajijengea kwake mu garaji. Ganda iko. Inabakia tu vitu vya ndani."

"Na ikiisha?"

"Ndoa, mama! Hapa bibi arusi anapanda baiskeli, robe yake ya arusi inaingia mu cheni. Sasa atalipa makuta, apande hii. Kila ndoa, mwenye kuleta kipande anakula."

"Hata mwenye shasi?"

"Shasi njo mama ya gari. Mwenye shasi anakula wa kwanza."

Kuku walihamishwa siku ile ile, na mahali pao pakaitwa garaji.

Asubuhi iliyofuata papa Léon alipita akisukuma toroko la gurudumu moja, kitu kizito kimefunikwa blanketi.

"Papa Léon, unabeba nini?" Mama Kavuo akamuuliza kutoka kwenye maharagi yake.

"Mugonjwa."

"Anavuja mafuta."

"Eh... tulimupakala mawese. Munganga njo alisema."

"Mungu amuponyeshe, papa."

Nyuma yake akaja katekista Edouard, ndani ya kanzu yake ya misa, tumbo limekuwa la mviringo ghafla.

"Katekista, umenenepa."

"Neema ya Mungu, mama."

Mimi niliyekuwa kando yake sikuweza kuvumilia. Nikamwinamia: "Yaya, vitu vyako njo vile vinapita! Piga kelele!"

"Nyamaza, mama Ulrich. Nikipiga kelele, kila kipande kitarudia mu shimo yake. Acha wafunge kwanza. Miye siko na makuta ya kulipa mekanisie."

"Na huyu kijana akikimbia nayo?"

Alishika ufunguo shingoni, na kopo la maharagi alilokuwa anampimia mteja likamwagika chini.

Gauthier alikuwa amejifunza umekanika kidogo, mpaka patron wake alipohesabu spana zake akamfukuza. Lakini kazi ile ilimnyookea. Kila nati iliingia mahali pake bila ubishi, kila boloti ilimkuta mwenzake.

"Munaona?" akajisifu. "Vyuma vya manyumba mbalimbali, na vinapatana kama wandugu wa tumbo moja. Ni akili!"

Wenye vipande waliangalia mawingu.

Kisha ikaja michango: ya mafuta ya freni, ya kamba ya akselereta. Yote iliingia ndani ya mfuko mweusi wa Gauthier, ikapumzika humo. Freni zilibaki kavu. Akselereta aliifunga kwa mpira wa baiskeli. Ufunguo hakuutafuta, aliunganisha nyaya mbili mbele, chini ya pua ya plastiki.

Siku ya kuizindua, watu walijaa kwenye kiwanja cha mpira. Gari ilisimama pale: mbele ndege, nyuma Toyota. Gauthier aliingiza sanduku lake la nguo na ule mfuko mweusi.

"Ni vya kupimia uzito," akaeleza. Mpango wake ulikuwa kukata kona moja mwisho wa kiwanja, kushika njia ya Kibombo, na kutusahau.

Moteri ikanguruma. Papa Léon alitokwa machozi kama baba ambaye mwanawe amefaulu mtihani. Mama Kavuo alisimama peke yake karibu na goli. Gauthier akatupungia mkono, akakata kona.

Tak!

Toyota ile ina tabia yake. Ukikata volan bila ufunguo, volan inajifunga. Waliitengeneza hivyo kwa ajili ya wezi, na siku ile ilimtambua mwizi wake. Gari ikabaki na kona ile ile. Gauthier alikanyaga freni. Freni ikamkumbusha michango. Akaondoa mguu kwenye akselereta. Mpira wa baiskeli ukakataa kulegea. Nyaya za kuzimia zilikuwa huko mbele puani. Akazunguka. Akazunguka tena. Watu wakapiga makofi.

"Anatuonyesha mbio!" akasema Edouard.

"Mbona analia?"

"Anaomba. Gari mupya inahitaji maombi."

Sanduku likafunguka, suruali zikaanza kuruka moja moja, na hapo hata Béatrice akaelewa kwamba mtu hapimi uzito kwa mswaki na pasi.

Esansi ilipoisha tangini, Gauthier alitoka na dunia bado inamzunguka. Alikimbia kuelekea relini kwa mstari wa nyoka, kiatu kimoja cheupe kikabaki matopeni. Hakuna aliyemfuata, kwa sababu kila mtu alikuwa amekimbilia kipande chake: Léon amekumbatia pua iliyofunika moteri, Béatrice amekalia nyuma.

Mama Kavuo akaja polepole. Akafungua mlango, akaketi, akatoa ufunguo shingoni, akauzungusha. Tak. Volan ikalegea mikononi mwake kama mtoto aliyemtambua mamake.

Nani angemuuliza ufunguo aliutoa wapi? Angelazimika kwanza kusema moteri aliitoa wapi.

"Haya," akasema. "Musukume."

Tukasukuma mpaka kwake. Papa Léon, jasho likimtiririka, akainama kwenye dirisha:

"Mama Kavuo... na ule mufuko ya michango yetu?"

Mama Kavuo aliuweka chini ya miguu, akamtazama kwa huzuni kubwa.

"Pole, papa. Askari walichukua."

Siku hizi mchele wa Kibombo unaingia Kindu ndani ya gari la mbio. Freni zilitiwa mafuta.

Ulrich, jiepushe na haya:

Mtu mwenye viatu vyeupe wakati wa mvua.
Gari, ndege au helikopta ambayo bado ni ganda.
Mchango wa kitu usichokiona kikinunuliwa.
Mtu anayeuliza una chuma gani nyumbani kabla hajauliza hali yako.
Kutoa kitu ulichowekeshwa na mwenzako.
Pampu ya mjomba wako Mwamba usiipeleke popote. Anaihitaji, wiki ijayo atapita kuichukua. Na usimwambie kwamba askari walichukua.