Saa ya Marehemu Kornelia

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kwako daftari langu, amani iwe nawe. Natumaini u mzima, hata baada ya wale panya waliokutafuna. Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu tulipovuna maharage. Haikuwa dharau. Miwani ilikuwa kwa fundi.

Saa imefika! Saa ya ukutani yenye njiwa wa dhahabu, niliyoinunua kwa simu katika soko la mtandaoni. Ni zawadi kwa kigango chetu cha Tlawi kwa jina la marehemu mke wangu Kornelia, ambaye kwa miaka thelathini aligonga rimu ya gari ya kuwaita watu kanisani, asichelewe hata mara moja. Jumapili itabarikiwa. Nimekwisha kutangaza. Nilitangaza hasa kwa sababu Hermani, mwenyekiti wa kigango, alikuwa amekaa mbele. Yeye alitoa pangaboi. Kwa baridi yetu halijapata kuwashwa.

Nikatia betri. Mshale ukatetemeka, ukaanza kurudi nyuma. Nikafuta miwani. Nyuma! Saa nne asubuhi ikawa saa nne kasoro dakika kumi mbele ya macho yangu. Nimeketi kitandani na viatu.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango: kudai fedha irudishwe kabla ya Ijumaa jioni, ambao ndio mwisho wa kupokea malalamiko, kisha kununua saa nyingine dukani kwa Rukia, Mbulu mjini. Hermani hatajua kitu.

Nikafungua ukurasa wa malalamiko. Ukauliza habari yangu, na mzigo umefikaje. Nikajibu kama nilivyofundishwa na masista: habari ni nzuri sana, mzigo umefika salama, tunamshukuru Mungu, nanyi huko hamjambo? Tatizo nilikuwa nimelipangia aya ya tatu. Sikuifikia. Nikajibiwa kwamba wamefurahi nimeridhika, na shauri limefungwa.

Limefungwa! Wala hawakusema kama hawajambo.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwenda kwa Rukia, maana ndiye wakala aliyenikabidhi mzigo. Akaniamkia, nikaitikia, nikamweleza. Akacheka hadi akashika kaunta. Akasema mashine haina ndugu. Ikikuuliza habari, unaandika mbaya. Nilishtuka. Mbaya, kabla hata ya kuulizia watoto!

Akalifungua shauri upya. Wakataka picha. Saa ikipigwa picha husimama kama saa yoyote. Kwa hiyo nikapiga mbili, zikipishana dakika kumi, nikajiona mjanja wa kutosha. Muuzaji, dada wa Arusha aitwaye Raudha, akajibu kwa adabu kwamba haoni kasoro, ila babu ametuma picha akianza na ya mwisho.



Alhamisi, 11 Septemba

Mpango wa video. Zinaruhusiwa sekunde thelathini. Nikavaa koti. Nikajitambulisha, nikaomba radhi kwa usumbufu, nikawasalimu wafanyakazi wote wa soko pamoja na familia zao. Ikakatika. Saa haimo. Nimo mimi, kuanzia puani kwenda chini, na mbuzi. Imekwisha kutumwa.

Hermani kapita njiani. Kauliza saa ya Kornelia inaendeleaje. Nikasema vizuri sana, nashukuru.

Ijumaa, 12 Septemba

Raudha amepiga simu mwenyewe. Shikamoo babu. Sauti ya mtu aliyechoka, na nyuma yake mtoto akikohoa. Akaeleza kwamba mazungumzo yanarekodiwa, na kwamba fedha atairudisha leo hii, mradi nitamke kosa kwa kinywa changu.

"Sema tu, babu: saa ni mbovu."

"Mwanangu, huyo mtoto anakohoa tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Babu, saa ni mbovu au si mbovu?"

Nitamwambiaje mama mwenye mgonjwa neno kama hilo? Nikasema saa ni nzuri, ila ina upungufu kidogo katika upande inaoelekea. Akashukuru. Jioni ukaja ujumbe: shauri limefungwa, halifunguliwi tena.

Fedha sina, saa nyingine sina, na keshokutwa ni Jumapili. Nisamehe, Kornelia.

Jumapili, 14 Septemba

Mpango wa mwisho. Nilitoa betri, nikaweka mishale kwenye saa moja kamili, wakati ambao Kornelia aligonga rimu kila Jumapili. Nikasema itasimama hapo daima kwa kumbukumbu. Watu wakaguswa. Padre akaibariki. Ndipo Hermani akainuka na betri mpya aliyoinunua mwenyewe, akasema zawadi ya rafiki yake isikae bila uhai. Akaitia.

Padre ni mgeni kwetu. Kila alipotaka kufunga mahubiri aliitazama saa, akaona bado mapema mno, akaendelea. Baada ya saa nzima ukuta ulionyesha saa kumi na mbili, yaani hata Misa ilikuwa bado kuanza. Watoto wakalala. Kisha wazee. Hermani akaniinamia. Nikasubiri kejeli.

"Evarist," akanong'ona, "Kornelia angekuwa ameshatuokoa."

Nikatoka nje. Nikaokota chuma chake, nikagonga rimu mara tatu, kama yeye. Ndani padre akasema amina.

Baada ya Misa watu walinishika mkono, wakicheka, wengine wakifuta macho. Wakasema rimu ndiyo saa ya Kornelia, ile nyingine niichukue.

Jumatatu, 15 Septemba

Raudha kaandika akiuliza habari. Nikajibu nzuri, nikampa nyota tano. Mtoto hajapona kabisa.

Aidha, bega linaniuma kwa ile rimu. Nimeona niagize kwake saa ya pili, ileile yenye njiwa. Hawezi kukosea mara mbili. Kwa kuwa mashine siiamini tena, nimeandika barua ya kurasa nne. Ile saa ya kwanza nimeigusia kwenye ukurasa wa nne, chini, kwa kifupi, ili nisimuudhi. Ataipeleka Hermani, anayekwenda Arusha Jumatano kutibiwa macho.

Aliniuliza barua ina habari gani. Nikamwambia nzuri.