Draya ya Kupiga Picha Ubongo

Profesa alipata mtaji siku saluni ya jirani ilipofungwa na draya yake ikatupwa nje, ile ya kuingiza kichwa kizima. Watu waliona chuma chakavu. Yeye, ambaye uprofesa aliupata kwa kununua miwani, aliona hospitali.

Kwenye geti la shule alishawasikia akina mama wakilalamika: huyu anauma wenzake, yule hakai kitini, na hospitali kuu foleni ya kupiga picha ya ubongo haiishi. Basi akapanga chumba, akaipaka draya rangi nyeupe, akaitia mkanda wa kidevuni wenye kikufuli ili watundu wasichomoke katikati ya uchunguzi. Picha ilikuwa moja tu, aliyoitoa kopi, na mtaa mzima watoto wakawa na ubongo huohuo. Asiye na pesa alilipa kwa kitu.

Ndiyo maana asubuhi hiyo cherehani ilikuwa kwenye kona, imefunikwa shuka, ikimsubiri mnunuzi. Mwenyewe alikuwa mama mshonaji, na cherehani hiyo ndiyo iliyomlishia watoto. Profesa aliona haya kwa muda wa kunywa chai, kisha chai ikaisha.

Akaingia mwanamke mpole na binti yake mdogo, ambaye kabla ya salamu kwisha alishafungua droo mbili na kuzima feni.

Mama alieleza kwamba mtoto hawezi kuona kitu asikiguse, na shuleni wamemchoka. Profesa akamtuliza. Picha ingeonyesha mshipa uliojikunja, mambo yangekwisha. Mama alikubali yote, ila alikuwa na sharti: kwake mtoto hapewi kitu ambacho mkubwa hajakionja. Uji huuonja, dawa huionja.

"Hii mimi nitashindwa, nina presha," alisema. "Ionje wewe, daktari."

Kukataa kungeharibu biashara. Profesa akakaa, akaingiza kichwa. Binti, kama ilivyo shida yake, akagusa: kikufuli kikalia, swichi ikawaka, ufunguo ukamfikia mama yake.

Mama akafunua shuka taratibu.

"Hii cherehani ni ya mdogo wangu."

"Dada, tuzungumze. Huku ndani kunachoma."

"Hospitali nilipanga foleni mpaka nikafika. Daktari akaniambia picha peke yake haisemi kwa nini mtoto hatulii. Aliniuliza analalaje, anasikiaje, nyumbani kukoje. Wewe umemwuliza nini mtoto wa mdogo wangu?"

Jasho la Profesa lilishafika kwenye miwani.

Mama akajitwisha cherehani. Binti akabeba kanyagio, akilichezesha njia nzima. Ufunguo wakamwachia mwanamke aliyekuwa akisubiri zamu kwenye benchi la mlangoni.

Huyo alipoingia, Profesa hakuwa tena na la kuficha.

"Nifungue, dada yangu. Hii ni draya ya saluni. Mimi si daktari, hata shule sikumaliza. Picha ni kopi, miwani ni ya dukani. Nimewadanganya wote."

Mwanamke akaitazama mashine kwa heshima kubwa, akautia ufunguo kwenye mkoba.

"Kumbe inafanya kazi," alisema, akavuta kiti. "Vumilia kidogo, daktari, imalize. Mume wangu yuko njiani, na yeye nataka aingie."