Nahodha Aliyeanguka Merikebuni

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, wekeni chini mlivyoshika, maana habari hii haisikilizwi kwa sikio moja. Na nyinyi mliozilaza bahari kwa makasia, nipeni pumzi nisimulie vita vya mtunza chumba, Simba wa Kitambaa, Mtesi wa Vumbi, aliyepigania heshima yake ndani ya kabati la kioo, katika makumbusho ya bahari, baina ya fuvu la nyangumi na picha kubwa ya tufani.

Ndani ya kabati hilo ilitia nanga merikebu ya mbao, urefu wake mkono mmoja, na juu ya sitaha alisimama nahodha, jabali la wanaume, kimo chake punje ya kunde. Aliyeichonga ni baba mkwe wa shujaa wetu, seremala mstaafu, Sultani wa Patasi, ambaye siku ya posa aliitazama mikono ya kijana, akaigeuza, kisha akatamka mbele ya ukoo mzima kwamba ni mizuri sana kwa kushikia kikombe. Watu walicheka. Neno hilo lilimkaa shujaa kooni tangu siku ile.

Na asubuhi hii mzee alikuwa njiani na binti yake, aje aione merikebu aliyoitoa zawadi.

Basi Simba wa Kitambaa, kwa kiherehere cha kutaka kila kitu king'are, alifungua kabati akapangusa sitaha. Haraka haraka, baraka ikajiondokea: kitambaa kilimkumba nahodha, naye akaporomoka hadi chini ya tumbo la merikebu, mahali pasipopita kidole.  Shujaa akakunja mikono ya shati, akatwaa kibano, akamhutubia aliyeanguka.

"Ewe bwana mkubwa, mimi na wewe hatuna ugomvi. Toka kwa heri, mkwe wangu asije akatukuta hivi, maana wewe utalaumiwa kidogo na mimi nitasimuliwa mpaka kwa wajukuu."

 Nahodha akabanwa, akachoropoka, akabanwa tena, akaviringika hadi kwenye usukani, nyangumi akitazama kwa matundu yake ya macho, asisaidie lolote. Hatimaye alinaswa kiunoni, akapandishwa sitahani, akatiwa tone la gundi miguuni na kukandamizwa kwa kidole. Akasimama imara. Shujaa alishangilia kimoyomoyo, akauvuta mkono wake, na mkono ukakataa kuja.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa.

"Shikamoo, baba," alisema Simba, ameinama, mkono wa kulia kabatini hadi kwenye kiwiko.

Mzee aliitikia, akanyoosha mkono wa kusalimiana, akangoja. Kumpa mkwe mkono wa kushoto ni kujitafutia kesi, na kutompa kabisa ndiyo kesi yenyewe. Mke wa shujaa alimwuliza mumewe kwa macho kuna nini. Akamjibu kwa macho kwamba amekwisha. Mzee akasogea, akavaa miwani, akachungulia kabati kwa muda mrefu. Kisha akainua kidole chake cha shahada, ambacho ncha yake ilikuwa laini, imefutika mistari.

"Mwanangu, mimi nililala na nahodha huyu kaganda kidoleni usiku kucha. Mama yenu alinilisha kwa kijiko, na nikamwapisha asimwambie mtu. Leteni maji ya moto na sabuni."

Yakaletwa. Kidole kikaachia, kikimwachia nahodha kipande cha ngozi chini ya viatu, nacho kipo hadi leo kwa atakayetaka kuhakikisha. Mzee akaushika ule mkono uliolowa, akaugeuza kama siku ya posa.

"Huu ni mkono wa fundi," alisema. "Nilikosea."

Ndivyo merikebu ilivyookolewa, na vizazi vijue. Wakaenda kunywa chai, mzee akamimina mwenyewe, na kwa kuwa kidole kilikuwa kinawaka moto, shujaa alishindwa kushika kikombe.