Jogoo wa Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Agosti

Kifaurongo anakuja Singida! Jumamosi ya tarehe 16, ukumbini, yeye mwenyewe, mzima mzima, na kitabu cha maisha yake. Anazunguka mikoa yote. Kila anakofika anahojiwa jukwaani mbele ya watu, kisha anasaini vitabu. Miaka zaidi ya ishirini mtu huyu amenichekesha kwenye runinga kwa kitu kimoja tu: akibanwa, anaanguka na kujifanya amekufa, halafu anafungua jicho moja kuuliza kama wenye hasira wameondoka. Kitu kimoja! Na bado nacheka.

Gerald kinyozi ndiye mwenyekiti wa mashabiki wa Kifaurongo hapa Mkiwa. Mimi ni katibu, kwa sababu za kura nisizotaka kuziandika. Leo ametuma kwenye grupu picha ya ukurasa wa 112 wa kitabu. Nimeusoma mara nne nikiwa kwenye meza yangu ya mafuta ya alizeti hapa njia panda, wateja wananisubiri. Kifaurongo anasimulia kwamba Jumapili moja ya mwaka 2004 basi la kikundi chao liliharibika Mkiwa. Migahawa imefungwa, watu wako ibadani, njaa inauma. "Ndipo akatokea mtu mmoja, sitamsahau, ameshika jogoo miguu juu, akasema: wageni, washeni moto." Mwisho wa ukurasa.

Jina halipo. Mtu mmoja. Wa Mkiwa.

Jioni redio imetangaza kwamba wanamtafuta mtu huyo akae jukwaani na Kifaurongo. Kiti chake kipo tayari.

Nimepiga simu. Mtangazaji anaitwa Dorkas, sauti ya asali. Aliniuliza kama ndiye mimi. Nilijibu, kwa unyenyekevu unaotakiwa, kwamba sikupenda kujitangaza.

Jumanne, 5 Agosti

Tatizo dogo. Mwaka 2004 sikuwepo Mkiwa. Nilikuwa Sekenke nachimba dhahabu na Gerald, mwaka mzima na zaidi, tukaambulia malaria. Nina picha ya kule: mimi na sururu, na tarehe ya rangi ya chungwa kwenye kona. Nimeitia kwenye jiko la mkaa. Ushahidi kwisha!

Mke wangu Lea alikuwa anapepeta mchele. Aliniuliza kama nina hakika nataka kuichoma. Hapo nikamsimulia, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, habari za jogoo niliyewapa wageni kabla sijamuoa. Akauliza jogoo alikuwa wa rangi gani. Nikasema mweupe. Akajifunika uso kwa khanga akatoka nje, mabega yanatikisika.

Nadhani alilia. Ukarimu humgusa sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Umaarufu ni mtamu! Watu watatu wamenunua mafuta bila kupunguziwa bei. Mwalimu wa shule ya msingi ameniomba niende nikawaeleze watoto maana ya utu. Nimeenda. Nimeeleza kwa dakika arobaini. Jogoo katika maelezo yangu sasa amekuwa wa mwisho bandani, na nilikuwa sijala tangu juzi yake.

Gerald peke yake ndiye mwenye sumu. Alinisimamisha nje ya saluni yake akasema anakumbuka vizuri Sekenke alilala blanketi moja na nani. Nikamwambia mtu anaweza kuishi Sekenke na akaja kwao kusalimia Jumapili. Akasema kwa barabara ya mwaka ule, ukitoka Sekenke Jumapili Mkiwa unafika Jumatano. Kisha, kwa upole wa nyoka, akasema ile picha ya sururu tulisafisha nakala mbili, na yake anayo.

Wivu!

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, watu hawakwenda kazini. Laiti wangekwenda.

Gerald amerudi kutoka mjini na kitabu chenyewe. Akakaa saluni anawasomea wateja kwa sauti. Mimi nikasogea mlangoni ili nionekane. Akasoma ukurasa wangu vizuri tu, watu wakanipigia makofi. Halafu akafungua ukurasa wa 113.

Sikujua kuna ukurasa wa 113!

Kifaurongo anaendelea hivi: "Tulipomaliza paja la kwanza nikamuuliza jogoo ni wa nani. Akanikonyeza, akasema: kuleni upesi, mwenyewe yuko kanisani."

Saluni nzima ikanigeukia. Na kwenye kiti cha kunyolea, shuka jeupe shingoni, nusu ya kichwa imeshanyolewa, alikuwa amekaa Mzee Antipasi. Baba mkwe wangu. Baba yake Lea. Mtu ambaye hata shikamoo yangu huipokea kama anakagua noti bandia.

Akasimama. Akauliza mwaka gani. Gerald akamsomea tena, polepole, kwa raha. Mzee akasema mwaka huo, Jumapili, alitoka kanisani akakuta jogoo wake hayupo. Jogoo aliyeitwa Kanali. Kisha akaondoka na nusu kichwa chake bila kunitazama.

Jumamosi, 9 Agosti

Baba mkwe alifika asubuhi, kabla ya chai. Kofia kichwani. Nikamwamkia. Hakusema marahaba. Alisema, "Kefa. Ulimla Kanali wangu, kisha ukaja kwangu kuniomba binti."

Nilibanwa. Nikafanya kama bwana wangu Kifaurongo: nikaanguka chini na kufa.

Nilikufa vizuri. Nilimsikia Baba akimuuliza Lea kama nina kifafa. Lea akasema hapana, ila maji huwa yananisaidia. Yakaja maji ya kuoshea vyombo, ndoo nzima, na maharage mawili ndani.

Nilipofungua jicho moja, Baba alikuwa bado yupo. Akaniambia tarehe 16 na yeye atakuwa ukumbini. Na kama Mungu alimficha mwizi miaka ishirini na moja, basi ni kwa sababu alitaka ahukumiwe mbele ya watu wengi.

Jumapili, 10 Agosti

Hila mpya, nzuri sana. Mwizi siwezi kuwa kama nilikuwa Sekenke. Picha yangu niliichoma, lakini Gerald anayo! Nimeingia saluni kwa heshima zote nikamwomba aniumbue. Haraka, na mbele ya Mzee Antipasi.

Gerald alifikiri huku anasafisha mashine ya kunyolea. Akasema hapana. Akasema amejichunguza moyo wake ameona alikuwa na wivu, na padri leo amehubiri juu ya wivu. Yeye ni nani hata amvue ndugu yake utukufu? Akasema picha ataiweka mahali salama.

Nikampigia magoti. Akaniambia nisogee, kuna mteja.

Jumatano, 13 Agosti

Nimejaribu kumtuliza Baba. Nimempelekea jogoo mkubwa mweupe, nimemfunga utepe. Baba akamtazama jogoo, akanitazama mimi. Akauliza kwa nini mweupe. Nikasema, kama Kanali. Akasema Kanali alikuwa mwekundu.

Naandika haya kwa uchungu. Mungu alinifungulia mlango mpana. Ilitosha kusema: unaona, Baba, hata rangi yake siijui, kwa hiyo si mimi! Lakini mdomo wangu una mazoea yake. Nikasema, "Ah, mwekundu! Kweli, Baba, sasa nakumbuka. Mwekundu, na mkia mweusi."

Baba akasema mkia ulikuwa mweusi kweli. Akafunga mlango. Jogoo mweupe alibaki ndani.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemwambia Baba ukweli wote. Sekenke, simu ya redio, picha, jiko. Nikamwambia mimi ni mwongo tu, si mwizi. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya fimbo yake. Akasema, "Mwongo akiniambia yeye ni mwongo, nimwamini vipi?"

 Swali hilo nimeliwaza njia nzima.

Nimempigia Dorkas nijitoe. Akasema jina langu limeshatangazwa mara kumi na nane. Nikakohoa. Akasema ataniwekea maji ya uvuguvugu mezani.

Usiku Lea amenipigia pasi koti. Sijui anachofurahia. Ananyoosha kola na kuimba. Nilimuuliza kama haoni aibu, mumewe kesho ataitwa mwizi mkoa mzima. Akasema lala, Kefa.

Jumamosi, 16 Agosti

 Niseme kwa mpangilio.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Walioshika vitabu, waliovaa fulana zenye sura yake, bibi mmoja ametoka Mungaa na mjukuu wake ili aone tu mtu akianguka. Kifaurongo akaingia. Mfupi! Kwenye runinga ni mrefu. Ana miwani na anatembea polepole, na alipofika katikati ya jukwaa alipepesuka kidogo tu, kidogo sana, watu wakalia kwa kicheko. Dorkas akamhoji. Alieleza alivyofukuzwa shule kwa kuigiza sauti ya mkuu wa shule. Alieleza alivyomzika mama yake asubuhi na kupanda jukwaani jioni, na siku ile alipoanguka hakutaka kuinuka.  Mimi nililia, nikasahau shida zangu.

Halafu Dorkas akaita jina langu.

Nikapanda. Kiti kilikuwa kizuri, chenye mto. Kifaurongo akanishika mkono, akanitazama usoni, akavua miwani, akanitazama tena. Kabla hajasema neno, Baba mkwe akasimama safu ya tatu. Akavua kofia. Nusu nywele, nusu upara. Akasema kwa sauti ya kanisani:

"Naitwa Antipasi, wa Mkiwa. Huyo ni mkwe wangu. Na jogoo mliyemla alikuwa wangu."

Kifaurongo alifanya nini? Akaanguka! Puu! Miguu juu! Ukumbi ukapasuka. Bibi wa Mungaa alikuwa amesimama juu ya kiti. Jicho moja likafunguka, likauliza, "Mwenye jogoo ameondoka?" Baba akasema, "Nipo." Jicho likafumba tena.

Alipoinuka na kupanguswa vumbi, akasema taratibu kwamba anamwonea huruma kijana huyu, yaani mimi, lakini huyu siye. Yule alikuwa binti. Binti mwembamba, kitenge cha bluu, mkali kama pilipili, aliwaamuru wanaume wazima kumi na mmoja kutafuta kuni.

Binti! Nimeusoma ukurasa ule labda mara mia. "Mtu mmoja." "Akatokea." "Akasema." Wapi pameandikwa mwanamume? Hapapo!

 Nikasikia kiti kinasogezwa. Lea wangu akasimama, pembeni ya baba yake.

"Shikamoo, Baba," alisema. "Ni mimi."

Baba hakusema marahaba. Alimtazama kama mtu aliyeona nyumba yake inatembea.

Lea akaeleza. Aliachwa nyumbani kuangalia maharage. Akaona watu barabarani wamekaa juu ya mabegi, mmoja anatafuna jani. Bandani kulikuwa na kuku wa mayai na Kanali tu, na Kanali hatagi. Akasema, "Baba, wewe ndiye uliyetufundisha mgeni hapiti kwetu na njaa. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikutii, kisha nikakuogopa."

Naapa hata feni zilisimama.

Baba akageuka jukwaani. Akamuuliza Kifaurongo, "Alikuwa mtamu?"

Kifaurongo akasema hajala kitu kitamu vile mpaka leo, ingawa alimvunja jino.

Baba akatikisa kichwa. "Alikuwa na miaka mitano. Alihitaji kuchemshwa masaa manne." Akakaa. Mdomo wake ukacheza, ukacheza, halafu akaanza kucheka, Baba mkwe wangu, ambaye sikuwahi kuyaona meno yake, akamshika Lea begani na kucheka mpaka machozi. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Lea akapewa kiti changu. Mimi nikakaa kwenye ngazi za jukwaa nikiwa nimeshika mkoba wake. Nilimtazama kutoka chini, anaongea na Kifaurongo kama jirani yake, watu wanamshangilia. Karibu miaka ishirini nimelala kitanda kimoja na mtu wa ukurasa wa 112. Nilijivuna, siwezi kuficha. Nilimwambia jamaa aliyekaa karibu yangu kwamba yule ni mke wangu. Akasema, "Mhm." Hakuniamini.

Tulipokuwa tunarudi nilimuuliza Lea kwa nini hakusema tangu siku ya kwanza. Akasema, "Nilitaka kuona utafika wapi."

Jumapili, 17 Agosti

Gerald amemaliza kunyoa nusu ya pili ya Baba. Kikao cha mashabiki kimemchagua Lea mwenyekiti. Gerald sasa ni katibu. Mimi ni mjumbe. Nilitoa hotuba fupi kukubali. Nilisema nimepata funzo, kwamba uongo una miguu mifupi, na kuanzia leo Kefa ni mtu mpya. Baba alisema amina, akaipokea shikamoo yangu kwa mara ya kwanza bila kuikagua.

Najisikia mwepesi. Ukweli ni kitu kizuri sana.

Jumanne, 19 Agosti

Leo saa nne wamesimama mezani kwangu vijana wawili na gari la kamera. Wanatengeneza filamu ya madereva wa zamani wa malori, waliopita barabara hii kabla haijawekwa lami. Wameuliza kama namfahamu yeyote.

Niliwatazama. Walikuwa wamechoka, na jua kali. Ningewaachaje?

Nimewaambia nimeendesha lori miaka kumi na moja, Singida hadi Tabora, masika na kiangazi. Wamefurahi sana. Kesho saa tatu wanakuja na lori lenyewe, la zamani, wanipige picha nikiteremka nalo mlimani.

Nimemuuliza Lea gia huwa ngapi. Amenyanyuka akatoka nje na khanga usoni.

Si kitu. Usukani nimeuona mara nyingi. Breki ni ile ya kulia.