Giga Kumi na Nne Zilizozidi

Jumatatu, 3 Machi

Nimemaliza kupiga filamu yangu! "Kamanda Hasinzii". Mtunzi mimi, mwongozaji mimi, Kamanda mimi. Waigizaji wengine ni ndugu wa mke wangu, kwa sababu hawadai malipo na Jumapili wanapatikana. Onyesho la filamu za mtaa ni Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi wa maktaba.

Baba mkwe ana duka la vifaa vya ujenzi. Kwenye filamu ndiye mnyang'anyi wa viwanja. Leo mezani, mbele ya watu wote, katamka: filamu ikishinda chochote, hatanisemesha tena habari za kazi. Isiposhinda, Jumatatu yake navaa aproni na kupima misumari dukani kwake. Mimi! Kupima misumari!

Shida ni moja tu. Filamu ina giga mia mbili na kumi na nne, na laptopu imejaa hadi inahema. Diski ya nje ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya deki mwezi jana na haijazinduka. Kamera niliazima, na mwenyewe kaichukua na kadi yake. Nimeangalia bei za kuhifadhi mtandaoni. Wezi! Giga kumi na tano bure. Kisha kifurushi cha giga mia mbili, bei ya kuvumilika. Kisha? Terabaiti mbili! Katikati hakuna kitu. Yaani kwa giga kumi na nne zilizozidi nilipie giga elfu mbili, kila mwezi, mpaka nizikwe. Mtu ana watoto watano, gari lina viti vinne, anaambiwa akodi treni.

Mke kasema nilipe mwezi mmoja tu, nimalize kuhariri, nisitishe. Mawazo ya mtu wa mshahara hayo.

Jumanne, 4 Machi

Nimekutana na Taa Tatu. Huyu hupiga video za harusi. Aliwahi kununua taa tatu kubwa na tangu siku hiyo hana mazungumzo mengine. Naye kaingiza filamu kwenye onyesho. Akaniuliza kazi zangu nahifadhi wapi. Eti yeye analipia terabaiti mbili na wala hasikii maumivu. Terabaiti mbili za watu wanaokata keki! Nikamjibu kwamba nina mfumo wangu binafsi. Sikuwa nao, lakini nilipofika nyumbani nilikuwa nao.

Mfumo ni huu. Kila binadamu hupewa giga kumi na tano bure. Ukoo wa mke una watu kumi na watano wenye simu. Kumi na tano mara kumi na tano ni mia mbili ishirini na tano. Nabaki na chenji! Makampuni yale yameajiri wahandisi maelfu, na hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mtu anaweza kuwa na mashemeji.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita nyumba kwa nyumba nikifungua akaunti. Kila mtu nampa vipande anamoonekana mwenyewe, ili avitunze kwa moyo. Saikolojia! Shangazi wa mke, ambaye ni hakimu kwenye filamu, aliuliza kama hiyo akaunti ina riba. Nikamwambia ina heshima. Shemeji, mdogo wake mke, ndiye mjane aliyeporwa kiwanja. Akataka kujua kama ataweza kujitazama muda wowote. Nikasema shem, hata ukiwa saluni. Baba mkwe alinipa simu yake kwa vidole viwili, akanionya nisiguse picha zake za saruji.

Vipande vya Kamanda, roho ya filamu yenyewe, sikumwachia mtu. Ndugu hawaaminiki. Nimevifungulia akaunti ya siri, jina la kubuni, kwa laini mpya ya simu niliyogawiwa bure barabarani.

Ijumaa, 7 Machi

Kupakia mzigo wote huu kwa bando langu ni kujifilisi. Lakini kliniki ya meno hapo jirani ina intaneti ya bure kwa wagonjwa, tena ya kasi. Nimeshinda chumba cha kusubiria, laptopu mapajani, kiganja shavuni, nikiugulia kila muuguzi anapopita. Kipande kikishapanda nakifuta kwenye laptopu. Akina mama wawili walinipisha kwenye kiti kizuri. Watu hudanganyika kirahisi mno.

Jumatatu, 10 Machi

Muuguzi kanionea huruma, mshenzi yule. Akatangaza kwamba mgonjwa aliyevumilia tangu Ijumaa aingie kabla ya wote. Chumba kizima kikaunga mkono. Kukiri ingekuwa aibu, na vilikuwa vimebaki vipande viwili. Nikapiga moyo konde, nikaingia. Nimeng'olewa gego zima lisilo na doa! Daktari alilitazama, akanitazama, akasema lilikuwa limeoza kwa ndani. Mwongo mkubwa. Ila nilipotoka, vyote vilikuwa vimepanda.

Mke kapiga hesabu. Eti kilichomwendea daktari kingelipia terabaiti mbili hadi mwakani. Mdomo wangu ulikuwa umejaa pamba.

Jumatano, 12 Machi

Nimeanza kushusha vipande ili nihariri. Balaa!

Shemeji kafuta kila alipolia. Eti pua inaonekana kubwa na kamasi linang'aa. Zimebaki picha anamotabasamu, tulizopiga kwa kujaribu mwanga. Mjane kaporwa kiwanja na anachekelea mwanzo hadi mwisho! Nikampigia simu kwa hasira. Akanishukuru kwa kumpa nafasi ya kujirekebisha.

Shangazi naye simu ilimwambia nafasi imejaa, hawezi kupokea picha za mjukuu. Akafuta hukumu. Hukumu yote, dakika kumi na mbili za haki! Kaacha pale anapoingia mahakamani na kuketi, kwa sababu kitambaa cha kichwani kilimkaa vizuri. Nilipolalamika, akauliza hukumu na mjukuu kipi ni damu yake. Ukoo huu haujui sanaa ni nini.

Alhamisi, 13 Machi

Baba mkwe kafuta kifo chake.

Nilikwenda dukani mwenyewe. Akanikaribisha kiti, akaniagizia chai, akaeleza kwa upole kabisa. Alijitazama akifa mara tatu, akawaza wateja wa mkopo wakimwona vile. Nani angelipa tena? Nikamwambia baba, vilivyofutwa hukaa kwanza kwenye pipa la taka, tunaweza kuvirudisha. Akasema aliliona hilo pipa na akalimwaga palepale, yeye hawezi kulala na taka ndani. Nikamsihi basi afe upya kesho, dakika mbili tu, nyuma ya duka. Akasema mwanangu, kwa jambo hilo usinilazimishe.

Pembeni ya mizani nikaiona aproni. Mpya, na bado ilikuwa na bei yake.

Ijumaa, 14 Machi

Bado nina Kamanda! Kamanda anaweza kubeba filamu peke yake. Nimefungua akaunti ya siri. Inadai namba ya uthibitisho, iliyotumwa kwenye laini yangu. Laini ipi? Ile ya bure. Niliitupa Jumapili, ilikuwa inanijazia matangazo ya godoro. Mashine ikaniuliza swali la usalama: mwalimu wako wa kwanza nani? Nakumbuka niliandika jibu la uongo, la werevu sana, ambalo mtu yeyote asingeweza kulikisia. Nimejaribu majibu mpaka wamenifungia. Miezi minane nimejifunza kuruka ukuta! Nimelia, na siandiki zaidi kuhusu hilo.

Mke kaniuliza taratibu kama aproni huwa zinapigwa pasi.

Jumamosi, 15 Machi

Nilipeleka kilichopo. Dakika thelathini na moja. Mnyang'anyi anapora kiwanja cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mjane anatabasamu. Hakimu anaingia, anaketi, basi. Kamanda haonekani popote. Mnyang'anyi anakunywa soda. Mwisho.

Filamu ya Taa Tatu ilitangulia. Mapenzi, machozi, mwanga kila kona hadi ukumbini watu walikunja nyuso. Ikaja yangu. Nikajificha nyuma ya nguzo. Kisha mtu akacheka. Hakimu alipoketi, ukumbi mzima ulisimama na kupiga makofi! Mwenyekiti wa waamuzi, mwalimu mstaafu, alishika kipaza sauti. Eti kwa mara ya kwanza mtu kathubutu kusema ukweli: mwizi ananenepa, mahakama inakaa, mnyonge anachekelea kwa kukosa la kufanya, na Kamanda tuliyeahidiwa haji kamwe. Mbumbumbu! Nikapanda jukwaani, nikasema ndivyo nilivyokusudia tangu awali.

Nimepewa cheti cha ujasiri. Baba mkwe kawa mwigizaji bora. Alilia kuliko alivyowahi kulia kwenye mazoezi, ilhali nilimwomba sana. Na katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyeuliza Kamanda alikuwa nani. Hilo limeniuma.

Lakini nimeshinda! Misumari kwaheri.

Jumatatu, 17 Machi

Baba mkwe katimiza neno. Hanisemeshi habari za kazi. Hanisemeshi chochote, hayupo. Taa Tatu kamchukua kwa filamu tatu mfululizo, na tangu asubuhi yuko chini ya zile taa anapora viwanja vya watu. Duka litafunguliwa na nani? Mama mkwe alikuja mwenyewe, akanikabidhi funguo kwa mikono miwili, akaniita baba. Mama mkwe humkatalii. Aproni inanibana kwapani.

Nimepima misumari hadi vidole vimekuwa vyeusi. Hata hivyo sikukaa bure, maana kichwa changu hakilali. Kosa halikuwa mfumo. Kosa lilikuwa ndugu, ndugu wana maoni. Wateja je? Hawanijui, hawamo kwenye filamu, na kila mmoja ana simu mfukoni na giga kumi na tano zinazomlalia bure! Sehemu ya pili itakuwa na giga mia nne. Kulipia? Thubutu! Kuanzia leo, anayenunua misumari kwangu anafunguliwa akaunti palepale kaunta. Hadi mchana wamekubali tisa. Vipande vya Kamanda nimeshamtengea fundi bomba mmoja, mtu mkimya, hana habari na mtu. Anahama mji kesho, kwa hiyo hakuna atakayemsumbua.