Ligi Yangu na Stara

Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025

Upepo mkali. Vumbi hadi kwenye meno. Leo Stara kaniambia anahama.

Kaniambia juu ya ua wa minyaa, kama mtu anayeomba chumvi. Jumamosi mwanawe Rahimu anakuja na gari kumpeleka Nzuguni, kwenye nyumba mpya aliyojenga. Ina vigae sakafuni na choo cha ndani. Nikamwambia nenda, nani kakushika. Kisha nikamwambia choo cha ndani ni uchafu, mtu mzima halali jirani na choo. Akasema nina wivu. Mimi Anyesi nimwonee wivu mtu anayepika mlenda bila karanga? Akasema karanga kwenye mlenda ni za watu wasiojua kupika. Tukaendelea hivyo mpaka maharage yangu yakaungua.

Miaka ishirini na miwili tumepakana hapa Makole. Yeye Mwislamu, babu zake walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Mimi Mgogo. Sisi hatukuja na msafara wa mtu, msafara ndio ulitukuta.

Mjukuu wangu Angelina, anayefanya kazi ofisini mjini, kanikuta nafoka peke yangu jikoni. Akasema Bibi, wewe na Bi Stara acheni ligi. Nikamwambia ligi ni mpira. Akasema siku hizi ni kubishana pia, mtu na mtu, hakuna anayekubali kushindwa. Mimi nimesoma ngumbaru, masomo ya watu wazima. Nina cheti, na kauntabuku hili naandika mwenyewe. Hilo la ubishi sikufundishwa. Mtoto hawezi kunisuta kwa neno ambalo sijui lilikotoka.

Jumanne, tarehe 10

Nimemuuliza Stara neno ligi limetoka wapi. Kosa langu. Kasema Kiarabu. Kwa Stara kila neno ni Kiarabu, hata ugali angeuchukua akipata nafasi. Nikamwambia ni Kigogo. Sikuwa na hakika, lakini huwezi kumwachia. Akataka ushahidi. Nikasema marehemu bibi yangu alilitumia. Akauliza, bibi yako alichezea timu gani?

Niligeukia ukutani asinione nikicheka.

Kisha akasema haondoki Makole kabla ya kujua nani mkweli, asije akafika Nzuguni huku nyuma mimi natangaza kwamba nimemshinda. Tukakubaliana tumuulize Mwalimu Elisante, mstaafu wa nyumba ya kona, mwenye makamusi manene kama matofali.

Ndipo nilipopata akili. Haondoki kabla ya kujua. Basi asijue.

Jumatano, tarehe 11

Nimekwenda kwa Mwalimu peke yangu, kabla Stara hajaamka vizuri. Nimempelekea mlenda mkavu uliosagwa, ule mzuri ninaouficha. Nikampa swali. Nikamwambia asiharakishe, neno zito hilo, hata Krismasi inatosha. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni heshima tu kwa elimu. Macho yakamlowa. Kasema tangu astaafu watu humuuliza saa za mazishi tu.

Nimerudi naimba. Mtu wa ngumbaru kawazidi akili watu wa misafara.

Alhamisi, tarehe 12

Mwalimu kaja asubuhi. Shati limepigwa pasi. Karatasi mkononi. Ndiyo taabu ya kumpa heshima mtu aliyeikosa, usiku hapati usingizi. Kasimama penye ua, Stara upande ule, mimi upande huu, akatufundisha kama darasa la pili.

Neno ni la Kiingereza, limeingia kwetu na mpira. Waingereza nao walilipata kwa wengine, na huko mwanzo kabisa, kwa Walatini wa kale, lilikuwa na maana ya kufunga, kama unavyofunga kuni kwa kamba. Timu zinajifunga pamoja. Leo tunacheza kwangu, kesho kwako, hakuna ruhusa ya kukimbia. Yeye anadhani vijana waliona watu wanabishana vivyo hivyo, leo wewe kesho mimi, wakauita ubishi huo ligi.

Stara akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

Nikamwambia Mwalimu karatasi yake ina kasoro. Nani ajifunge kamba na Stara? Neno la ugomvi lingetoka kwenye ngumi. Stara akasema basi tumetoka sare, sasa anaweza kufungasha kwa amani. Akaingia ndani.

Mlenda wangu umekwenda bure.

Lakini bakuli ninalo. Siku ya Idi Stara alinipa pilau kwenye bakuli lake la bati, jeupe lenye ua jekundu, aliloachiwa na marehemu mama yake. Bakuli hilo limevuka minyaa hii miaka yote, na halijavuka tupu hata mara moja. Chombo cha jirani hakirudi hivihivi. Akileta pilau, narudisha mlenda. Akileta maandazi, narudisha maboga. Kurudisha tupu ni kusema ujirani umekwisha.

Bila bakuli la mama yake haendi popote. Na mimi wiki hii, bahati mbaya, sina cha kutia. Nimelizika ndani ya debe la uwele.

Ijumaa, tarehe 13

Stara kamtuma mkwewe, Nasma, mke wa Rahimu, aliyekuja kumsaidia kufungasha. Binti mzuri, anapiga goti akisalimia. Kasema mama anaomba bakuli. Nikasema sijapata cha kutia. Akaenda, akarudi. Mama kasema nimpe hata likiwa tupu.

Tupu. Nilikaa chini. Mtoto wa watu akaondoka taratibu.

Baada ya swala ya Ijumaa Stara kaja mwenyewe. Akasema mbukwa, salamu yetu, kwa Kigogo chake kibovu ili nicheke. Sikucheka. Akakaa kwenye kigoda, akavuta ungo wa karanga, akaanza kumenya. Nikamenya na mimi. Tukamenya nusu ungo bila ubishi hata mmoja, jambo ambalo hatujawahi kuliweza.

Mwisho akaniita kwa jina la mwanangu, akasema, Mama Fredy, lile la tupu nilisema kwa hasira. Nikasema najua. Akasema huko Nzuguni kuta ni ndefu, huoni hata kichwa cha jirani. Na Rahimu na Nasma kila anachosema wanajibu ndiyo mama. Juzi kawaambia kwa makusudi kwamba jua linachomozea Singida, huko linakozama. Wakasema ndiyo mama. Akaniuliza, sasa mwenzangu, nitabishana na nani?

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lilinifika mdomoni kabisa. Nikamwambia anamenya vibaya, anavunja karanga.

Akasema asante. Sijui asante ya nini. Bakuli hakuliuliza tena, na aliondoka akipitia karibu kabisa na lile debe.

Jumamosi, tarehe 14

Kahama. Kirikuu kimoja tu, kile kigari kidogo cha mizigo. Vitu vichache mno kwa mtu mwenye maneno mengi vile. Nilisimama mikono kiunoni. Akaniambia usilie. Nikasema ni vumbi. Akasema leo hakuna upepo. Nikasema upo. Gari likakata kona bado tunabishana.

Bakuli limebaki kwangu. Nimeshinda.

Mchana nimekaa uani. Nikasema kwa sauti kwamba mlenda bila karanga ni maji ya kuoshea mikono. Nikasubiri. Ule upande wa pili kimya, minyaa tu.

Jioni natafuta chungu changu cha kupikia, hakipo. Angelina akaanza kujiumauma. Kasema Bi Stara alipita nilipokuwa nafukuza mbuzi, akakichukua, akasema atakirudisha siku akipata cha kutia. Bibi akikitaka mapema, akifuate.

Mwizi yule. Nimekula wali wa Angelina, mbichi katikati, na nimeumaliza wote.

Jumapili, tarehe 15

Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa napanga.

Mpango ni huu. Kesho naenda Nzuguni kwa bajaji kudai chungu changu. Bakuli nalibeba, limejaa mlenda wenye karanga mara mbili ya kawaida, ale mbele yangu akiri kwamba ni mtamu. Akishakiri nachukua chungu, narudi, basi. Na akileta kichwa kigumu, nitamwambia bajaji ni neno la Kigogo. Hilo nimelitunga leo wakati wa sadaka. Atapandwa na presha.

Angelina kauliza kwa nini nisimwambie tu kwamba nimemkumbuka. Nikamwambia aende akajifunze upya kupika huo wali wake. Watoto wa ofisini hawajui vita.

Kauliza tena, kama ni chungu tu, mbona nimefungasha kanga tatu na mswaki. Nimemwambia Stara ni mbishi, hawezi kukubali kwa siku moja.